Kinyozi Aliyemwombea Binti Yake Asikie

Mtaani kwao hakuna aliyemwita kinyozi huyo kwa jina lake. Alikuwa Redio, basi, na mwenyewe alifurahia kuitwa hivyo. Ukikaa kwenye kiti chake kunyolewa, uliinuka ukiwa na habari za mpira, za msiba wa mtaa wa pili, na za uchumba ambao wahusika wenyewe walikuwa bado hawajautangaza. Mkono ulinyoa, mdomo ulikimbia, na tuseme ukweli, wapo wateja waliofuata mdomo kuliko mkono.

Msikilizaji wake mkuu alikuwa binti yake wa pekee. Akitoka shule alipitia kwenye saluni, akakaa juu ya kreti la soda, na baba akamsimulia upya mambo yote ya asubuhi, akiyatia chumvi hapa na pale, maana mtoto huyo alijua kucheka mahali penyewe.

Alipokuwa darasa la tano, binti aliugua homa ya uti wa mgongo. Alilazwa, akachomwa sindano hadi mikono ikavimba, na hatimaye homa ikashuka. Baba akainama kitandani akamwambia, "Mwanangu, umetutoa jasho."

Binti alimtazama mdomo. Akasema kwa sauti kubwa iliyogeuza vichwa vya wodi nzima, "Baba, mbona unaongea bila sauti?"

Daktari alieleza kwa upole kwamba masikio yameharibika kwa ndani na hayatarudi kama zamani. Mama mtu alilia palepale, akajifuta kwa kanga, kisha akauliza kuna shule gani za watoto wa aina hiyo. Redio hakulia. Aliuliza, "Na Mungu je?" Daktari akasema hilo haliko kwenye idara yake.

Tangu hapo hakutulia. Alimwacha mteja kichwa nusu akaenda kusimama mlangoni, macho barabarani, bila kuangalia kitu. Kioo alikihamishia ukuta huu leo, kesho akakirudisha. Na kila asubuhi kabla ya kufungua, alisoma Zaburi kwa sauti, akitembea kutoka kwenye kiti hadi kwenye sinki. Hakuzichagua kwa ujuzi wowote. Mama yake marehemu alizipenda, naye hakujua pengine pa kuanzia. Za kusifu aliziruka. Alitafuta zile za watu waliobanwa: aliyezama matopeni, aliyelia hadi koo likakauka, anayemuuliza Mungu atamsahau mpaka lini. Mwanzoni alishtuka kuona mtu anaruhusiwa kumsemesha Mungu namna hiyo. Baadaye akazoea, akaongeza na maneno ya kwake.

Jumamosi alimshika binti mkono akampeleka popote aliposikia kuna maombezi. Watu walimwekea viganja masikioni, wakapiga makofi nyuma ya kisogo chake, wakamuuliza kwa midomo iliyopanuka, "Unasikia?" Naye alitikisa kichwa. Mpaka Jumamosi moja, katikati ya vifijo na jasho, binti akasema, "Nasikia."

Ukumbi ulilipuka. Redio alimkumbatia akalia, na njia nzima hakunyamaza hata kidogo. Alimwaga habari zote zilizomjaa tangu ugonjwa uanze, na binti akawa anaitikia, "Ndiyo, baba. Ndiyo." Walipoingia nyumbani, baba akiwa nyuma yake, akauliza kwa furaha, "Haya, nani anataka soda?"

Binti hakugeuka. Aliendelea kuvua viatu.

Akamgeuza kwa mabega. "Kwa nini umedanganya? Mbele ya watu wote wale, kwa nini?"

Binti aliifuatilia midomo yake hadi mwisho. "Ulikuwa umechoka, baba," akasema. Kisha akaongeza, "Siendi tena."

Mkewe, aliyekuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, akasema, "Mume wangu, mwache mtoto apumzike. Njoo tujifunze naye lugha ya alama. Mwalimu mwenyewe mcheshi, mtaelewana."

"Nikijifunza hizo alama ndiyo nimekubali," akajibu. "Ndiyo nimemwambia Mungu asijisumbue tena."

Basi mama na mwana wakaenda darasani peke yao, naye akabaki na Zaburi zake. Sasa alizisoma kwa hasira, kama mtu anayegonga mlango akijua fika kwamba ndani kuna watu.

Asubuhi moja mzee wa kanisa aliwahi kuja kunyolewa akamkuta katikati ya kusoma. Redio alimfunga shuka shingoni, akashika mashine, akashindwa kuiwasha.

"Mzee, nikuulize jambo. Humu kwenye Zaburi kila ukigeuza ni nisikie, tega sikio, sikia kilio changu. Kwani Mungu kiziwi?"

Neno hilo lilimponyoka. Hakuwahi kulitamka tangu hospitali; nyumbani alisema "lile tatizo".

Mzee hakumkemea. "Nimezeeka nazo na sijaweza kuzimaliza," akasema. "Ila mimi naona anayeomba hivyo hahitaji kupewa kitu tu. Anataka yule mkubwa amwinamie."

"Na asipojibu?"

"Zipo zinazoisha bila jibu. Umeziona mwenyewe."

"Nimeziona."

"Haya, ninyoe basi, nachelewa kikao."

Kutwa nzima jibu hilo lilimkera. Lilikuwa si jibu, na halikumtoka kichwani. Alimkata mteja mmoja sikioni, akaomba radhi, akafunga saluni jua likiwa bado kali.

Alipofika nyumbani aliwakuta jikoni, wamesahau sufuria. Binti alikuwa amesimama, mikono inakwenda mbio, mashavu yanavimba na kusinyaa. Mara akawa mtu mnene anayepanda ngazi, mara akawa mbwa, mara mwenye mbwa. Mama alikuwa ameshika meza asianguke kwa kicheko. Redio alisimama mlangoni. Mtoto alikuwa anasimulia, tena anatia chumvi, na katika nyumba ile aliyekuwa hasikii ni yeye peke yake.

Akapiga magoti mbele ya binti ili midomo yake ionekane vizuri. "Umesema nini?"

Binti akamtazama mama. Mama akageukia sufuria, makusudi. Ikabidi binti aanze upya, polepole, na baba akaambulia mbwa tu. Akaomba arudie. Akaambulia mbwa na ngazi.

Alikwenda darasani, akawa mwanafunzi mbovu kuliko wote. Vidole vilivyoweza kuchonga ndevu za bwana harusi viligoma kutofautisha alama zinazofanana, na siku moja alilieleza darasa zima, kwa uso wa huzuni, kwamba mkewe ni mbuzi. Binti alicheka hadi machozi. Hapo ndipo alipojua kuwa mwanawe alikuwa amemkosa yeye zaidi ya alivyozikosa sauti.

Sasa binti anasoma shule ya bweni ya viziwi na hurudi likizo. Msitarajie kuambiwa kwamba baba yake ametulia. Zipo asubuhi anasoma, anafunga kitabu kwa kishindo, anafungua tena. Zamani aliomba "mponye" peke yake. Siku hizi huomba "nifahamishe", na mara nyingi yote mawili hutoka kwa pumzi moja, akashindwa kujua lipi limetangulia.

Likizo iliyopita binti alimuuliza kwa mikono, "Bado unaniombea nisikie?"

Alitaka kukana. Mikono ikakataa. "Ndiyo," akajibu.

Binti alifikiri kidogo. "Sawa. Ila niombee na hesabu. Hizo ndizo zinazoninyima usingizi."

"Hesabu zenyewe zipi?" akauliza baba, akiwa tayari amevuta kiti.