Sarafu ya Oddmund

Huku kwetu Trøndelag, kaskazini penye baridi, gongo hunywewa ndani ya kahawa, na kipimo chake ni sarafu. Unaitia kikombeni, unamimina kahawa mpaka isionekane, kisha unaongeza gongo mpaka ionekane tena. Mgeni akikataa kikombe hicho, mwenyeji hununa. Mimi naona ni ujinga mtupu na nimelisema hilo mbele za watu, lakini nani anayenisikiliza mimi, Gunnvor?

Jirani yangu Oddmund ni seremala, na katika kikundi chetu cha kuwinda elki, kulungu wakubwa kama farasi, hakuna aliyempita kwa shabaha. Nafasi yake ya kuvizia ilikuwa kando ya kinamasi, pale wanyama wanapopenda kuvuka, nayo aliirithi kwa baba yake. Gongo ikamla kidogo kidogo. Kwanza mikono ikawa inatetemeka kila asubuhi mpaka anywe. Likafuata ini. Halafu mkewe, Ragna, akafungasha virago akaondoka. Msimu mmoja Oddmund akaja kinamasini amelewa, akampiga risasi mbwa wa Ingebrigt, kiongozi wetu, akidhani ni elki. Mbwa mdogo vile! Alipona, ila mguu mmoja ulikatwa. Ingebrigt alimpokonya Oddmund nafasi yake papo hapo, na alifanya vizuri.

Kwa aibu Oddmund akaacha pombe ghafla, peke yake nyumbani. Nilimkuta sakafuni jikoni, degedege limemshika, povu mdomoni. Hospitali waliniambia mwili uliozoea pombe kiasi kile hauachishwi bila daktari. Wakamtibu, akakaa kituo cha kuwasaidia walevi, akarudi amekonda lakini macho yake maangavu.

Vuli hii akaenda kwa Ingebrigt, nami nilikuwepo.

"Naomba nafasi yangu."

"Nikupe umalizie miguu iliyobaki?"

"Nibebeshe nyama msimu mzima, bila bunduki. Ukisikia harufu ya pombe kwangu hata mara moja, sitakusumbua tena."

Ingebrigt akakubali. Oddmund akabeba mapaja ya elki mgongoni, kwenye matope na mvua, na wala hatukumsikia akilalamika. Ikabaki kahawa ya kufunga msimu, kibandani kwetu.

Mmiminaji ni Sjur, mjomba wake Ingebrigt, mzee asiyependa kubishiwa. Alikuwa ameshatia sarafu na kahawa kwenye kikombe cha Oddmund, na sasa alikuwa anainamisha chupa. Nikainuka nimpokonye. Oddmund akanishika mkono.

"Kaa, Gunnvor. Hili ni langu." Akafunika kikombe kwa kiganja.

"Toa mkono, mwanangu," Sjur akasema. "Unanikataa mimi?"

"Naikataa chupa, mjomba. Kahawa yako naipenda sana."

"Acha maringo! Tone moja haliui mtu."

"Wewe haliui. Kwangu mimi, tone moja ni jerikani zima."

Wenzetu wakaangua kicheko. Sjur hakucheka. "Na sarafu je? Kikombe hakijakamilika mpaka sarafu ionekane. Ndivyo tulivyolelewa."

Kibanda kizima kikamgeukia Oddmund. Nilijua alichokipigania mwaka mzima kingeweza kupotea kwa heshima za mzee mmoja. Nikautazama mkono wa Oddmund. Haukutetemeka. Akainua kikombe, akainywa kahawa ile chungu taratibu mpaka ikaisha, kisha akamwinamishia Sjur kikombe. Sarafu ilikuwa pale chini, imelowa, inang'aa.

"Inaonekana, mjomba?"

Mzee akachungulia, akachungulia tena. "Inaonekana," akanung'unika, akaweka chupa chini na kushika birika. "Lete nikuongeze, mkaidi wewe."

Mimi nililia, na sioni haya kusema.

Ingebrigt alikuwa akitutazama tangu mwanzo. Sasa akamgeukia Oddmund. "Mwakani kaa kinamasini, na bunduki yako," akasema. "Nami nitakuja na mbwa wangu mpya."