Mikia ya Linki na Vioo vya Saluni

Chai inapoa mezani na yeye hana habari nayo. Ni Jumatatu asubuhi, sakafu ya ofisi haijakauka maji ya deki, na mwanamke aliyejifunga kitambaa cha kijani kichwani amekaa mbele ya kompyuta, mikono ameikunja mapajani kama mtu anayejizuia kula.

"Usiifungue," anamwambia msanifu wa matangazo, jirani yake wa meza. "Ripoti ya leo haiguswi mpaka bosi awe amekaa hapa."

"Mimi nimeshika kikombe tu, Mama Mikia," anajibu msanifu. "Hata hiyo kompyuta naiogopa."

Mama Mikia ndilo jina lake katika kampuni hii ndogo inayouza nguo na blanketi za watoto wachanga kwa njia ya mtandao. Amelipata kutokana na kazi yake. Kila tangazo kabla halijatoka hupita mezani kwake, naye huongeza maneno machache, wanayoyaita mkia, mwishoni mwa linki, yaani ile anwani ambayo mteja akiibonyeza kwenye simu anajikuta dukani.

"Ukitoka kwenye mtandao wa kijamii, mkia unasema hivyo. Ukitoka kwenye ujumbe wa simu, unasema ujumbe," anaeleza. "Mnunuzi haoni tofauti yoyote. Sisi ndio tunajua tangazo gani limemleta, na lipi linakula hela bure."

Nyumbani haikuwa rahisi kueleweka. Mama yake mzazi aliwatangazia majirani kwamba binti amepata kazi ya mikia. "Jirani mmoja akauliza kama tunauza na nyama yenyewe," anasema, kisha anacheka mpaka anafuta macho.

Kabla ya hapa alikaa kwenye kaunta ya duka kubwa kwa miaka mitatu, akiwa na cheti chake cha biashara kabatini. Sasa ana watoto wawili, vyumba viwili vya kupanga, na mshahara ambao, kwa maneno yake, "unafika mwisho wa mwezi ukiwa unachechemea, lakini unafika."

Leo kinachomkosesha chai ni saluni.

Miezi michache iliyopita kampuni ilibandika stika zenye alama ya linki ya duka kwenye vioo vya saluni ishirini. Mama anayesukwa huelekeza simu kwenye stika, duka linafunguka, ananunua bila kuinuka kitini. Saluni nazo hupata chochote kidogo kutokana na mauzo hayo. Lakini ripoti zilionyesha kuwa watu wa saluni wanaingia dukani na hawanunui kitu. Mwenye kampuni, ambaye wote humwita Mama Vichanga, akasema mwezi ukiisha stika zibanduliwe.

Saluni mojawapo ni ya mdogo wake Mama Mikia. Huyo ndiye aliyekuja juu.

"Alinipigia simu akaniambia, dada, mteja amenunua blanketi mbili kichwa chake kikiwa mikononi mwangu, nimeona kwa macho yangu. Hao wanaosema hakuna anayenunua wamekaa wapi?"

Mama Mikia alimfuata bosi kwanza, akamweleza kwamba msusi huyo ni ndugu yake wa tumbo moja. "Sikutaka nionekane napika takwimu kwa ajili ya mdogo wangu," anasema. Bosi akamwambia, nenda ukaangalie.

Alikwenda Jumamosi, saluni ikiwa imejaa. Mdogo wake alimtazama kichwani kabla ya kumsalimia.

"Shikamoo dada. Kitambaa hicho umekivaa tangu lini? Mtu akijua wewe ni dada yangu, biashara imekufa."

"Marahaba. Nimekuja kazini, si kusukwa."

Aliketi pembeni ya mama mmoja mjamzito, akamwomba anunue taratibu huku akimtazama. Stika ikafungua duka; mkia ukasema saluni. Mjamzito huyo akabonyeza picha kubwa ya blanketi iliyoko ukurasa wa mbele. Hapo Mama Mikia akaona kilichompita muda wote: mkia wa saluni ulikuwa umetoweka, umekaa mwingine unaosema picha ya mbele.

Mkia huo aliuweka mwenyewe. Msanifu alikuwa amemwomba, apate kujua kama picha yake inapendwa.

"Ni kama mgeni aulizwe getini ametoka wapi, aseme vizuri kabisa," anaeleza. "Kisha akifika sebuleni aulizwe tena, aseme ametoka getini. Sisi tukawa tunaandika hilo jibu la pili. Ndani ya nyumba mgeni haulizwi tena. Nilizidisha bidii."

"Tulizidisha," anasema msanifu bila kuinua macho. "Lakini picha ilipendwa."

Aliuondoa mkia ule, na ripoti ya leo ndiyo ya kwanza tangu hapo. Isipoonyesha kitu, stika zitabanduliwa.

Mlango unafunguka. Mama Vichanga anaingia na mkoba kwapani, anavuta kiti.

"Haya, mwanangu. Fungua tuone mbivu na mbichi."

Kidole kinabonyeza. Msanifu ndiye anayesimama kwanza, kikombe mkononi, kusoma vizuri. Katika kila wanunuzi kumi wa wiki iliyopita, wanne walitoka saluni. Hakuna tangazo jingine lililoleta wengi kiasi hicho.

"Wanne," anasema Mama Vichanga. "Na mimi nilikuwa nakwenda kuwabandulia." Anamgeukia Mama Mikia. "Stika hazitoki. Tena ongeza."

Mama Mikia anainama, anajifanya anatafuta kalamu chini ya meza. Anachukua muda mrefu kuliko kalamu inavyohitaji.

Akishatulia anampigia mdogo wake. Anataka sasa kila saluni iwe na mkia wake, ili kila msusi alipwe kwa wateja wake mwenyewe, na ajue kuisoma ripoti yake bila kumtegemea mtu. Ataanza wiki hii, kioo kimoja baada ya kingine.

"Mimi niweke wa mwisho," sauti ya mdogo wake inasikika kwenye simu, nyuma yake mashine ya kukaushia nywele ikivuma. "Wasije wakasema tuna letu."

"Ndivyo nilivyopanga," anamjibu.

Anakata simu, anainywa chai yake iliyopoa kama ilivyo, kisha anakigusa kitambaa kichwani.

"Nikimaliza saluni zote, ndipo nitakwenda kwake," anasema. "Na siku hiyo sibebi kazi. Nakwenda kusukwa."