Liva ya Baba Mkwe

Nakumbuka asubuhi ile baba mkwe wangu, Mzee Maganga, alipoliingiza lori la kijiji kwenye uwanja wa gereji yetu hapa Tabora, akazima injini, kisha akakaa tu mle ndani bila kushuka. Kaa, mwanangu, chai bado ya moto. Wiki iliyopita ulikuja na drili yako ukanifungia lile bomba la kushikia kule bafuni, kwa ajili ya magoti yangu haya, na mimi nikakuombea dua mbele ya mke wako, binti yangu. Leo nataka nikusimulie habari ya liva ya gia. Usiniulize bomba na liva vinahusiana vipi, tutafika.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Kijiji cha wakwe zangu kilikuwa upande wa Kaliua, nacho kilikuwa na lori moja na dereva mmoja. Lori hilo ndilo lililobeba tumbaku na karanga kuja mjini, ndilo lililorudi na chumvi na sabuni, ndilo lililokimbiza kina mama hospitali uchungu ukiwashika. Na dereva wake ndiye Mzee Maganga, baba yake huyu mama mkwe wako aliyekuletea chai. (Siku hizi mnaletewa chai na mama mkwe mnakunywa tu. Enzi zetu ungemwona anakuja ungepita njia nyingine.) Mzee alilipenda lori lile mpaka watu wakamtania kwamba ameoa wake wawili. Katikati ya viti vya mbele palikuwa na kisanduku cha bati, na humo alitia karanga zake za kukaanga, tasbihi yake na kikombe chake cha chai. Hakuna aliyekifungua isipokuwa yeye, hata mwenyekiti wa kijiji alijua hivyo.

Basi siku moja wakati wa kupakia, akateleza juu ya marobota ya tumbaku, akaangukia bega la kushoto. Hospitali walimtibu, akapona, lakini mkono ule haukuwa tena kama zamani. Ulikataa kwenda juu, ukakataa kwenda mbele. Na wewe unajua, kwetu huku mkono wa kushoto ndio wa gia. Gia za kawaida alizimudu, maana zilikuwa karibu naye. Shida ilikuwa ile liva ya pili, ile ya kuyaamsha magurudumu ya mbele ili gari lijikokote kwenye matope. Hiyo ilitokea sakafuni, mbele kabisa karibu na miguu, na kuifikia ilibidi uiname na kuunyoosha mkono wote.

Kiangazi hukuihitaji sana. Lakini mbuga iliyokuwa kati ya kijiji na barabara kuu, mvua ikinyesha, ilikuwa uji mweusi mtupu. Bila liva ile hupiti. Mwenyekiti alimwita Mzee pembeni akamwambia, tena kwa upole, kwamba masika ikifika na bado hawezi, kijiji kitaomba dereva mwingine. Mzee akaitikia, "Sawa, mwenyekiti." Mama mkwe wangu, mke wa Mzee, alikuja kutusimulia baadaye kwamba jioni ile hakula.

Mimi nilikuwa kijana, fundi wa magari, na nilikuwa nimemwoa Mwamini, huyu mama mkwe wako, karibuni tu. Pale gereji tukapata liva ambayo haikutoka kwa watengenezaji wa lori lile. Ilikuwa ya watu wengine, walioiunda iingie kwenye magari ya aina ile, ifungwe katikati ya viti na iungwe kwa fito zake mpaka kwenye boksi la gia chini. Nilipoiona nilifurahi kama nimeokota kitu cha thamani. Nikasema baba mkwe wangu hatanyang'anywa usukani wakati mimi nipo.

Ndipo akaja asubuhi ile niliyokwambia, akakaa ndani bila kushuka. Baadaye nilielewa: kushuka kulitaka ajishike kwa mkono wa kushoto, naye hakutaka nione. Nikageuka nikajifanya natafuta spana mpaka niliposikia miguu yake imegusa chini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hali ya nyumbani?"

"Nzuri, baba."

Yakaishia hapo. Ningetakiwa kumwambia, baba, hebu kaa kwenye kiti, nyoosha mkono nione unafika wapi na unaumia wapi. Lakini ningemwambiaje? Kwetu mkwe humkodolei macho, humgusi mwili, na huulizi udhaifu wake. Kumwambia mkweo anyooshe mkono umpime ni kama kumwambia avue nguo. Basi yeye akaenda kukaa kwenye benchi na kahawa yake, mimi nikapanda kwenye kiti chake, nikanyoosha mkono wangu mwenyewe, mkono wa kijana mzima, nikapata mahali pazuri sana. Nikakata kisanduku upande wa mbele, nikafunga liva, nikaunga fito, nikajaribu. Iliingia laini, bila hata kelele.

"Tayari, baba."

Akapanda, akaisukuma mara moja. Nikaona midomo yake imekaza kidogo. Akasema, "Una mkono mzuri, mwanangu. Mungu akuzidishie." Kisha akaondoka. Mimi siku nzima nilikuwa napiga mluzi.

Mvua za kwanza zikanyesha. Mwamini alikuwa amekwenda kuwasalimia wazazi wake, akarudi kwa lori la baba yake. Alipofika nyumbani hakuvua hata kanga ya kichwani.

"Baba anakokota ile liva kwa mkono wa kulia," akaniambia. "Anauachia usukani kabisa. Leo tumekwenda mrama mle mbugani, bado kidogo tuingie mtaroni."

"Kwa nini hakuniambia?"

"Akuambie wewe? Amwambie mkwe wake kwamba zawadi yake haifai?"

"Basi muulize wewe bega lake linakwendaje. Wewe ni binti yake."

"Nimemuuliza. Kaniambia nikamchotee maji."

Nikashika kichwa. Nilimpenda mzee yule, mwanangu, tena sana, na mikono yangu ndiyo iliyompa kifaa cha kumuua. Yeye alininyamazia kwa kunionea haya, na mimi nikamnyamazia kwa kumheshimu, na kati yetu lori likawa linayumba na watu juu yake.

Pale gereji tulikuwa na fundi mmoja Mzaramo, anaitwa Pazi, alikuja huku na reli akalowea. Unajua Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu zile safari za miguu za mababu. Mtani hana haya na mtani wake. Nilipomweleza Pazi alicheka mpaka akakaa chini. Akasema, "Mlete huyo mzee wako. Wewe jifiche kwenye boneti."

Mzee alipokuja kutia mafuta, Pazi alimvamia hata salamu haijaisha.

"Wewe Mnyamwezi! Babu zako walibeba pembe za ndovu kwa miguu mpaka kwetu pwani. Wewe mjukuu wao kijiti hiki tu kinakutoa jasho?"

"Nyamaza wewe," Mzee akajibu, tayari anacheka. "Babu zako kazi yao ilikuwa kulala kivulini, wanangoja tuwaletee."

"Na walisema nyie wazito wa kufika! Hebu vua shati nilione hilo bega, au umeficha hirizi?"

Na Mzee Maganga, ambaye hakutaka hata nimwone anashuka garini, akavua shati katikati ya uwanja wa gereji huku anamtukana Pazi na ukoo wake wote. Pazi akamshika bega, akalizungusha taratibu, akauliza hapa je, na hapa je. Mzee akasema hapa panauma, hapa hapaumi. Mimi niko ndani ya boneti nakaza nati iliyokwisha kukazwa, masikio yote kwao.

Kisha Pazi akampandisha kwenye kiti. "Fumba macho. Shika usukani kwa kulia. Sasa tafuta karanga zako kwa kushoto, bila kujiumiza."

Mkono wa Mzee haukwenda mbele hata kidogo. Ulishuka ubavuni, kiwiko kimegusa mbavu, ukatua upande wa nyuma wa kisanduku, karibu na nyonga. Pazi akamwambia arudie, ukatua palepale. Akachora alama ya chaki, akaita kwa sauti, "Mkwe wa Mnyamwezi, njoo ufanye kazi! Mimi kutukana nimemaliza."

Tukaing'oa liva, tukaihamishia kwenye alama. Fito tukazirefusha kwa kuchomelea vipande, na liva yenyewe tukairefusha na kuipinda kidogo, iwe nyepesi kuvuta bila kunyanyua bega. Tundu la kwanza lilibaki wazi pale mbele ya kisanduku. Nikataka kuliziba kwa bati, Mzee akakataa. Akachomeka humo kikombe chake cha chai, kikaenea sawasawa.

Masika ilipokolea, mwenyekiti alipanda mbele aone mwenyewe, mimi nikapanda nyuma juu ya magunia. Tulipoingia kwenye uji ule nilichungulia kwa kile kidirisha cha nyuma. Mzee hakuangalia chini. Mkono ulishuka tu, ukavuta, magurudumu ya mbele yakaamka, lori likanguruma likapita. Mwenyekiti alipumua, akanyoosha mkono kuchukua karanga. Mzee akampiga kofi dogo mkononi na kufunga kisanduku, na habari ya dereva mwingine sikuisikia tena.

Ng'ambo ya mbuga alisimamisha gari, akaja nyuma nilipo. Akasema, "Mwanangu, siku ile nilikuona unapima kwa mkono wako. Nilitaka kusema. Nilikuonea haya."

"Na mimi, baba," nikamjibu. Machozi yalinitoka, nikasingizia mvua.

Sasa nasaha yangu ni hii. Ukitaka kumfanyia mtu jema, hasa mzee, usipime kwa mwili wako. Mkalishe kwanza, umuulize, umtazame. Na kama heshima imekufunga mdomo, usiiache ikufunge na mikono: mtafute aliye huru kumuuliza, awe mtani, awe mjukuu, awe jirani mwenye maneno mengi. Heshima isiyouliza inaweza kumvunja mtu shingo.

Ndiyo maana nimekuita, mwanangu. Lile bomba la bafuni liko juu. Umelipima kwa bega lako, na mimi siku hizi nimekuwa mfupi. Kila nikioga nashika ukingo wa pipa. Juzi niliteleza, na mama mkwe wako alipouliza kishindo kile ni cha nini nikamwambia ni ndoo. Nilitaka kunyamaza, kwa sababu ulilifunga kwa mapenzi na uso wako ulikuwa umejaa furaha. Pazi alikwisha kufa zamani, Mungu amrehemu, sina wa kunisemea. Basi nasema mwenyewe.

Mungu akupe mikono yenye kheri, akupe na wakwe watakaokuambia ukweli ukiwa bado unaweza kurekebisha. Akulindie mke wako na watoto wako, na uzee wako ukifika, akupe mtu wa kukuuliza unaumia wapi. Amina. Maliza chai, ukalete drili na chaki. Mimi natangulia bafuni, nikafumbe macho.