Tabaga Iliyopinda

Harusi za Kibra, kwetu Wanubi wa Nairobi, zilijaza watu hadi njia ikakosa pa kupita. Wanawake waliimba mpaka sauti zikawakauka, na hata waliokuwa hawasalimiani na mwenye nyumba walijitokeza kula. Mabruka, dada mkubwa wa mama yangu, naye alikwenda, akacheza kidogo, akarudi kulala mapema. Kazi yake ilikuwa kesho yake.

Kesho yake, sufuria za kuazima zikiwa zimerudishwa na uani pamebaki majivu na mifupa, yeye ndiye aliyebisha hodi kuwajulia hali waliobaki. Msimdhanie mpole. Alikuwa na ulimi wa pilipili, na kusuka hakujua kabisa, aibu kubwa kwa mwanamke wa Kinubi wa zamani zile. Tabaga ni kifuniko cha chakula, cha ukindu uliotiwa rangi, na kila nyumba ilijivunia zake. Za Mabruka zilikaa upande kama kofia ya mlevi.

Tabia hii ya kesho yake ilianzia kwake mwenyewe. Aliolewa mwaka 1914 na Lukman, askari wa keya, jeshi la Waingereza, na siku ya nne Lukman akapelekwa vitani kupigana na Wajerumani. Hina ilikuwa bado mbichi mikononi mwake. Aliniambia kilichomuuma zaidi ni kwamba, katika watu wote waliocheza uani kwake, hakurudi hata mmoja kumuuliza ameamkaje. Lukman alirudi baada ya miaka minne akichechemea, lakini Mabruka alikuwa ameshakata shauri: hakuna atakayeachwa peke yake baada ya harusi.

Nilimwona kazini mwaka 1936, kwa jirani yetu Zeinabu. Zeinabu alikuwa mjane, na msukaji asiye na mfano Kibra nzima. Mtoto wake wa pekee, Sitelbanat, aliolewa na mtu wa Bombo, Uganda. Harusi ikapendeza, gari la moshi likambeba bibi harusi, na Zeinabu akalala akageukia ukuta. Wiki ikapita hajawasha moto. Majirani walisema atazoea. Walisema hivyo hivyo juu ya mjane mwingine mwaka uliotangulia, na yule tulimzika.

Mabruka alikuwa akienda kila siku na kurudi bila kujibiwa. Sasa akabeba ukindu wake, akaketi karibu na kitanda, akaanza kusuka. Siku nne alisuka kimya, jambo ambalo kwa Mabruka lilikuwa muujiza. Kufikia siku ya pili Zeinabu alikuwa ameacha ukuta, anatazama ile mikono. Siku ya tano nilikuwa mlangoni nikiwa na bakuli la uji, nikamsikia Zeinabu.

"Mabruka, unafanya nini hapo?"

"Nasuka tabaga."

"Hiyo si tabaga. Nyekundu imeingia kwa nyeusi. Lete hapa."

"Wacha, nitamaliza mwenyewe."

"Lete hapa, nimesema!"

Akaifumua yote mpaka kitovu, huku akimtukana Mabruka. Ukindu mkavu hukatika, nao ule ulikuwa umekauka, kwa hiyo Zeinabu akainuka kwenda mtungini kutafuta maji ya kuulowesha. Mtungi ulikuwa mtupu. Akajitanda nguo, akatoka nje kwenda kuteka maji. Nililia pale pale mlangoni, uji ukapoa.

Baadaye nilimuuliza Mabruka kama aliipinda makusudi.

"Makusudi gani? Ndiyo kusuka kwangu hiyo."

Mpaka leo namvulia kilemba. Watu huficha wasiloliweza. Yeye alilibeba hadi nyumbani kwa bingwa na kuliweka wazi achekwe.

Mwaka 1949 ikafika zamu yake. Lukman alikuwa ameshafariki, na binti yao wa pekee, Mastura, akaolewa Kibos, karibu na Kisumu. Tulicheza siku tatu. Kisha tukaenda zetu, nami nikiwemo, na nasema kwa aibu: tulidhani Mabruka hahitaji mtu. Mimi nilikuwa na nguo za kufua. Nilikwenda siku ya tano, baada ya kuambiwa kwamba hajaonekana nje.

Alikuwa amelala, amegeukia ukuta. Pembeni, juu ya kigoda, ameketi Zeinabu, mvi kichwa kizima, anasuka. Mwanamke yule aliweza kusuka amefumba macho. Nikatazama tabaga iliyokuwa mapajani pake. Ilikuwa imekaa upande. Nyekundu imeingia kwa nyeusi, na mzunguko wa nje umeachia kama kamba ya kufungia mbuzi. Jasho lilimtoka kwa ile kazi ya kukosea. Nikafungua mdomo, akanikata jicho, nikaufunga.

Kitanda kikalia. Mabruka alikuwa amegeuka.

"Zeinabu, hiyo imepinda."

"Najua. Imenishinda."

"Imekushinda wewe?"

"Si nimesema imenishinda? Njoo unisaidie."

Mabruka aliitazama ile tabaga, kisha akamtazama Zeinabu, machozi yakamtiririka hadi kidevuni. Akayafuta kwa kiganja. Akashusha miguu chini, akaugusa ukindu kwa kidole.

"Na umekauka," akasema, akauchukua mtungi.