Sahani Yake Peke Yake

Erasto hakukulia mezani. Kwao Gorong'a, yeye na ndugu zake walikula ugali wa mtama kwenye sinia moja, magoti yakigusana, na mwenye mkono mzito aliambulia mchuzi. Hakuna aliyeona ubaya. Hata yeye hakuuona, mpaka alipopata kazi ya kupika kwa Bibi Eugenia, pale Nkende mjini Tarime.

Bibi Eugenia alikuwa mjane wa hakimu, mzaliwa wa nyumba ya kichifu huko Bukoba. Uchifu wenyewe ulikwisha zamani, lakini yeye aliishi kama vile babu yake bado anamtazama. Hakupaza sauti. Hakulalamika. Nguo zake zilikuwa chache na za siku nyingi, ila zilipigwa pasi kila asubuhi. Chakula kililiwa mezani, kila mtu na sahani yake, na hakuna aliyenyanyuka kabla wote hawajamaliza. Mgeni alitoa taarifa kabla ya kuja. Watoto wake walikuwa na kazi nzuri mikoa ya mbali, na walipopiga simu walizungumza naye kwa upole kiasi kwamba Erasto aliacha kukoroga sufuria ili asikilize.

Jioni alirudi kwenye chumba chake cha kupanga. Jirani yake wa ukuta mmoja alikuwa mchimbaji wa dhahabu wa Nyamongo, mtu wa kuvunja vyombo na kumpiga mkewe. Fedha yule bwana alikuwa nazo, mara nyingine kumshinda hata Bibi Eugenia. Erasto akajiambia kwamba kinachotofautisha nyumba na nyumba ni mwenendo.

Basi akaushika mwenendo ule. Aliacha pombe. Alijenga nyumba ndogo yenye geti la bati, na meza ya kulia ikaingia kabla hata ya kitanda cha watoto. Mkewe Rhobi alicheka mwanzoni, kisha akazoea, maana mume asiyefoka si kitu cha kukataa. Watoto wao, Nice na Daudi, walijifunza kubisha hodi kwenye mlango wa chumba na kusema asante kwa kikombe cha maji. Walimu waliwasifu. Bibi Eugenia alipohamia kwa mwanawe, alimwachia Erasto sahani nyeupe zenye ukingo wa bluu, na Erasto akazipokea kama mtu aliyeachiwa urithi.

Jumapili moja walikuwa mezani. Rhobi alikuwa amepika kuku kwa kipimo, kipande kimoja kwa kila sahani, kwa kuwa kwa Bibi Eugenia chakula hakikubaki. Mara mama yake Erasto akatokea kwa mlango wa nyuma, kama alivyozoea, vumbi la njia limemjaa miguuni, kibuyu cha maziwa ya mgando mkononi.

Rhobi alitaka kunyanyuka. Erasto akamgusa mkono abaki.

"Mama, shikamoo. Karibu upumzike sebuleni, sisi tunamalizia."

Aliyasema hayo kwa heshima zote alizofundishwa. Mama akaitika marahaba, akaenda kukaa ukingoni mwa kochi, kibuyu mapajani. Mezani waliendelea kula taratibu. Kutoka pale alipokaa, mama aliziona sahani na vile vipande vya kuku, na hapakuwa na haja ya mtu kumhesabia.

Walipomaliza Rhobi alikimbilia jiko awashe mkaa. Mama akamzuia, akasema alikula njiani, tena usafiri wa kurudi haungoji. Wote walijua kwamba kutoka Gorong'a hadi pale hakuna mahali ambapo mama yule angekula. Nice akamsindikiza hadi getini, akampa mikono miwili kama alivyofunzwa.

"Bibi, siku nyingine utupigie simu kabla, tujiandae."

Bibi alicheka kidogo, akamshukuru mjukuu.

Tangu siku hiyo alianza kuomba ruhusa. Isack, mdogo wake Erasto, alipiga simu kusema mama anauliza kama Jumamosi inafaa. Erasto alifurahi, akaona kwamba mama naye anaelewa. Lakini Jumamosi ilipofika mama hakuja, mara mguu unauma, mara ng'ombe amezaa. Mahindi yalipandwa, yakavunwa, yakapandwa tena, na kwenye kochi hapakukaa mtu.

"Mama yako haji tena, Baba Nice," Rhobi alimwambia. "Mfuate wewe."

Erasto alivaa shati la pasi, akapanda bodaboda hadi Gorong'a. Njia nzima alipanga maneno: atamwomba mama msamaha, atakaa chini naye, watakula pamoja, kisha atamchukua warudi wote. Hakupiga simu.

Aliwakuta wamezunguka sinia uani, Isack na wake zake na watoto, wakitaniana kwa Kikurya huku mikono ikigombania mboga. Ugali ulikuwa mkubwa kuliko watu, kama ilivyo siku zote kwa mama, kwa ajili ya yeyote atakayetokea.

"Tusogee jamani, mzungu wetu amefika," Isack alitania, na kweli alisogea, akaacha nafasi ya mtu mmoja.

Erasto alikuwa ameshaanza kukunja mikono ya shati. Mama akamshika bega, akamwita baba kwa Kikurya.

"Hapana, tata. Usikae hapo chini."

Aliingia ndani, akatoka na kiti, kisha stuli ya kuwekea chakula. Akarudi tena, akaja na kitu kilichofungwa kwenye kanga. Akakifungua polepole. Ilikuwa sahani nyeupe yenye ukingo wa bluu, aliyoitafuta mnadani, na kijiko kipya.

"Nilikuwekea," alisema. "Sikujua utakuja lini."

Usoni mwake hapakuwa na kijembe. Erasto alitafuta hata kidogo tu, maana kijembe angekijibu. Alisema angependa kula na wenzake. Mama akatikisa kichwa, akamwambia anajua sasa yeye hula vipi, asijisumbue kwa ajili yao. Akampakulia kipande kikubwa cha nyama.

Akala. Kule kwenye sinia nafasi ya mtu mmoja ilibaki wazi kidogo, kisha watoto wakaijaza. Utani wao ulipungua sauti, kwa adabu, kwa sababu ya mgeni. Mama hakula. Alikaa kizingitini, mikono mapajani, akingoja amalize.

Alipomwomba waondoke pamoja, mama alisema atakuja, wampigie siku watakayokuwa tayari. Akamsindikiza hadi barabarani, akamfuta vumbi begani kwa ncha ya kanga.

"Ukitaka kuja tena, tata, utume ujumbe mapema," alisema. "Nisije nikakukosea."