Jina la Malaria na Hewa ya Shimoni

Kuna asubuhi moja, mwanangu, ambayo hadi leo nikiikumbuka naogopa. Nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi. Tulikuwa tumerudi kutoka Tanzania na kupata nyumba hapa Gisenyi, mpakani na Goma, penye mawe meusi ya volkano. Wiki ile mwalimu alitueleza kwamba jina malaria lilitoka kwa Waitaliano, na maana yake ni hewa mbaya. Watu wa kale walidhani homa ile huletwa na harufu ya mabwawa, kumbe ni mbu! Nilicheka sana darasani.

Basi, nikatoka na mdogo wangu Neema, wa miaka mitano, kwenda kumfunga mbuzi ndani ya shimo moja lenye majani mabichi. Jirani yetu, bibi mmoja mwenye ndugu zake Goma, akatuita akiwa shambani kwake.

“We binti, musishuke mule! Jua haijatoka bado. Mule iko mazuku, inauaga mutu.”

Mazuku, kwa watu wa huku, ni hewa mbaya, nzito, inayotoka ardhini usiku na kutuama chini mashimoni hadi jua liwake. Mimi nikajiona daktari kamili. Nikamjibu kwamba hata Wazungu waliamini hewa mbaya, wakaumbuka. Nikampa Neema kamba ashuke na mbuzi, mimi nikabaki juu nikiokota kuni.

Nilipogeuka, mbuzi alikuwa amelala. Neema akainama kumwamsha, naye akalala vilevile, bila hata kulia.  Nilitaka kuruka shimoni, bibi akaja mbio na jembe lake, akanisukuma nyuma.

“Ukiinama unakufa!”

Akabana pumzi, akashuka amesimama wima, akalinasa gauni la mtoto kwa jembe na kumvuta juu. Midomo ya Neema ilikuwa ya bluu. Nilimwita Mungu kwa kila lugha ninayoijua, mpaka alipokohoa. Mbuzi hakuamka.

Bibi hakunigombeza. Alikaa chini akihema, kisha akasema, “Mutoto wangu ya kwanza alikufia mule.”

Sasa wewe unakwenda kusomea udaktari. Jifunze asili ya kila jina, ni elimu nzuri na itakufurahisha. Lakini mtu wa mahali akikwambia kitu fulani kinaua, usimjibu kwa ulichosoma jana. Muulize kwanza amemzika nani. Nenda, Mungu akulinde na akujalie masikio, na asife mtu mikononi mwako kwa sababu ya kiburi.