Laisi ya Tukuswiga

Tukuswiga wa Mwaya alikuwa na ulimi usioijua R, na hakuwahi kuona haya. Kinyakyusa hakina R. Mama yake hakumpa, sasa yeye angeitoa wapi? Barabara kwake ilikuwa balabala, na mpaka mwaka tisini na nne hakuna aliyemsumbua kwa hilo.

Mwaka huo biashara ya mazao ilikuwa imefunguliwa kwa watu binafsi, wanunuzi wapya wakimiminika Kyela, na tukasikia kuna Mzungu anakuja kuutazama mchele wa kikundi chetu cha akina mama. Kiswahili hajui. Tukuswiga, mwenyekiti wetu, akasema atamweleza yeye mwenyewe. Ndipo tukaanza kwenda kila alasiri kwenye chumba cha kanisa, kwa mwalimu Gaudence, mtu wa Bukoba, atufundishe Kiingereza.

Siku ya kwanza aliandika neno la mchele ubaoni.

"Raisi," akasoma.

"Laisi," akaitika Tukuswiga.

"Raisi!"

"Laisi!"

Mwalimu akashika kichwa. "Mama, kwa Kiingereza hapo umesema chawa! Utamwambia mgeni unauza chawa?"

Tukuswiga alijitahidi, msije mkasema hakujitahidi. Alipalilia akinguruma rrr, akapepeta akinguruma, hadi mumewe Aliko akamuuliza kama ana mafua. Ulimi uligoma. Ugeni ulipokaribia, mwalimu akaamua hotuba isomwe na Marystella, mke wa bwana shamba, mwenye Kiingereza cha sekondari. Marystella huyo hajawahi kupandikiza hata mche mmoja wa mpunga! Nilikasirika, na hadi leo nikikumbuka nakasirika.

"Ndaga, mwalimu, asante, umetufundisha," Tukuswiga akamwambia. "Lakini mpunga nimelima mimi, kwa Kiingeleza nitausema mimi. Kama ni chawa, basi ni chawa wangu."

Siku yenyewe alisimama kabla Marystella hajainuka, kiganja kimejaa mchele.

"Zisi izi Kyela laisi," akasema.

Mwalimu akakohoa. Mzungu alijiuma mdomo, akashindwa kujizuia, akacheka hadi mabega yakatikisika.

Tukuswiga hakukaa. Alimngoja amalize, kisha akamwambia kwa Kiingereza chake kilekile kwamba sasa ni zamu yake, aseme mchele.

"Mkele," akasema Mzungu.

"No. Mchele."

"Mucheli."

"Ageni," akasema Tukuswiga, kwa sauti ileile ya mwalimu Gaudence.

Mzungu akawa mwekundu. Akajaribu tena, akakosea tena. Tulitaka kucheka, lakini Tukuswiga alitukata jicho. Mwisho neno likamtoka sawasawa.

"Gudi," akasema Tukuswiga, na ndipo akaanza maelezo yake: tunavyopandikiza, tunavyovuna kwa mkono, na kwa nini hatuchanganyi mchele wetu na wa kwingine. Laisi hii, laisi ile. Mgeni hakucheka tena. Alinusa punje, akauliza maswali mengi, na yote alimuuliza Tukuswiga.

Jumatatu tulirudi darasani. Mwalimu Gaudence akaliandika tena neno lile ubaoni, akamtazama Tukuswiga, akasema, "Haya, safari hii wote kwa pamoja."

Mimi R ninayo tangu shule ya msingi, na wenzangu wachache wanayo pia. Tukavuta pumzi, darasa zima, tukapaza sauti:

"Laisi!"